Mlango wa Tumbo la Mtoto Mchanga: Altrasaundi kwenye Pwani ya Kismayo na Visiwa vya Bajuni

Pilorasi ni pete ya msuli iliyo mwishoni mwa mfuko wa chakula, pale maziwa yanapokabidhiwa utumbo mwembamba. Hufungika tumbo linaposaga, hufunguka kidogo kidogo kupitisha kilicholainika. Kwa baadhi ya watoto wachanga msuli huo hunenepa katika wiki za mwanzo za maisha, njia iliyo katikati yake ikabanwa hata maziwa yakashindwa kupita. Mtoto huzaliwa mzima, hunyonya vizuri, huongezeka uzito. Kisha, mara nyingi kati ya wiki ya tatu na ya sita, huanza kutapika. Siku za kwanza ni kama kucheua kwa kawaida. Baadaye maziwa huruka mbali na kinywa, yakaangukia mkekani, na mtoto aliyekwisha kutapika hulilia ziwa papo hapo kwa njaa. Matapishi hayana rangi ya kijani, kwa kuwa kizuizi kiko juu ya mahali nyongo inapoingilia. Alama hiyo ya rangi ina uzito kuliko nyingine zote.

Wavulana hupatwa mara nne au tano zaidi ya wasichana. Katika nchi za Ulaya hutokea kwa watoto wawili hadi wanne katika kila 1,000 wanaozaliwa hai, na kwa Waafrika huonekana mara chache zaidi. Uchache huo umewafanya watu wengi, wakiwemo waganga, kudhani kuwa ni ugonjwa wa Wazungu. Hospitali ya Bugando huko Mwanza, Tanzania, ilichapisha mwaka 2015 taarifa ya watoto 102 iliowapasua kwa ugonjwa huu ndani ya miaka mitano. Hospitali moja ya kanda ikipokea idadi hiyo, haiwezekani pwani nzima ya kaskazini, kutoka Lamu hadi Kismayo, isiwe na wake. Wapo, ila wengi wao huandikiwa jina jingine.

Majina hayo yako mengi. Nyumbani mtoto huambiwa ana chango, au amepigwa kijicho, akanyweshwa kombe na kuvalishwa hirizi. Kwenye kituo cha afya huambiwa ana maambukizi ya tumbo. Na katika Jubaland, jimbo la kusini mwa Somalia, ambako ukame wa 2011 na ule wa 2022 uliwasukuma maelfu ya watu kwenye kambi za wakimbizi wa ndani kuzunguka Kismayo, jina lililo tayari zaidi ni utapiamlo. Mtoto wa wiki saba aliyekonda, ngozi ya mapaja imelegea na utosi umebonyea, hufanana kabisa na mtoto aliyekosa maziwa. Akilazwa kwenye wodi ya lishe akapewa maziwa ya tiba, atayatapika. Akiongezewa, atatapika zaidi. Na siku zitapita huku kila mtu akiamini kuwa anatibiwa. Kati ya makosa yote yanayoweza kufanyika juu ya ugonjwa huu kwenye pwani hiyo, hili ndilo rahisi kuliko yote kutumbukia.

Kinachoua si msuli wenyewe. Kila tapishi hutoka na maji, na ndani yake mna asidi ya tumbo, yaani haidrojeni na kloridi. Damu ikipungukiwa na asidi hugeuka kuwa na alkali kupita kiasi. Figo nazo, katika kujaribu kuokoa maji na sodiamu, humwaga potasiamu. Mtoto huishia na damu iliyokauka, yenye kloridi kidogo, potasiamu kidogo na alkali nyingi, na alkali hiyo hupunguza msukumo wa ubongo wa kuvuta pumzi. Ndiyo maana mtoto aliyepelekwa mbio kwenye chumba cha upasuaji kabla damu yake haijasawazishwa anaweza kuacha kupumua baada ya nusukaputi, upasuaji ukiwa umekwenda vizuri. Ugonjwa huu si dharura ya kisu. Ni dharura ya maji na chumvi, na tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mtu anayekaa kisiwani.

Daktari wa Denmark, Harald Hirschsprung, ndiye aliyeueleza ugonjwa huu kwa ukamilifu mwaka 1888, kutokana na watoto wawili waliokufa mikononi mwake. Tiba ilikuja mwaka 1912, Mjerumani Conrad Ramstedt alipoeleza njia ya kuupasua msuli kwa urefu na kuuacha wazi bila kuushona, utando wa ndani ukibaki mzima. Njia hiyo ndiyo inayotumika hadi leo. Lililobadilika tangu hapo ni namna ya kumtambua mtoto anayeihitaji.

Kwa miongo mingi utambuzi ulikuwa wa mikono. Daktari aliketi upande wa kushoto wa mtoto, akangoja anyonye, akatazama mawimbi ya tumbo yakitambaa chini ya ngozi kutoka kushoto kwenda kulia, kisha akatafuta kwa ncha za vidole uvimbe mgumu unaoteleza upande wa kulia juu ya kitovu. Vitabu huufananisha na zeituni. Mtu wa pwani angesema ni kadiri ya kunazi kubwa. Ukishikika, hakuna kipimo kingine kinachohitajika, na ujuzi huu haupaswi kuachwa ufe mahali ambapo umeme hukatika. Lakini unataka mtoto aliyetulia, tumbo lililokwisha kutapika na mkono uliokwisha kuzoea, na watoto wanaofika mapema uvimbe wao mara nyingi bado ni mdogo mno kushikika. Waliokosa uvimbe walipigwa eksirei baada ya kunyweshwa bariamu, njia iliyobanwa ikaonekana kama uzi mwembamba. Eksirei humpiga mtoto mionzi, na bariamu ndani ya tumbo lisilotoa kitu huweza kutapikwa ikaingia mapafuni. Mwaka 1977 Rita Teele na Edward Smith, waliokuwa Boston, Marekani, walionyesha kuwa msuli wenyewe unaweza kuonekana kwa mawimbi ya sauti. Baadaye altrasaundi ikawa ndiyo njia ya kwanza.

Ubora wake uko hapo kwenye msuli. Bariamu huonyesha kivuli cha njia. Altrasaundi huonyesha nyama iliyoibana, nayo inaweza kupimwa kwa milimita, bila mionzi, mtoto akiwa mapajani mwa mama.

Kichwa cha mashine kinachofaa ni kile bapa, cha mawimbi ya kati ya megahazi 7 na 12 au zaidi, kile kile kinachotumika kutazama tezi ya shingo, titi au mishipa. Kichwa kilichopinda, cha kutazamia mimba, hupenya ndani sana lakini picha yake ni pana na haina makali. Kwa kitu chenye unene wa milimita tatu hudanganya upesi. Hili ni la kuzingatiwa, kwa kuwa mashine nyingi za altrasaundi katika vituo vya Afrika Mashariki zilinunuliwa kwa ajili ya wajawazito na huenda zina kichwa hicho kimoja tu. Hapo kinachokosekana ni kichwa cha pili, wala si mashine mpya.

Mtoto hulazwa chali kisha hugeuzwa kidogo ubavu wa kulia ushuke. Kugeuza huku si jambo dogo: maji yaliyomo tumboni hutelemkia kwenye mlango, na hewa, ambayo ni adui wa picha, hupanda upande wa pili. Jeli ipashwe joto, maana mtoto anayelia humeza hewa. Kichwa cha mashine huwekwa kwa upana chini ya chembe ya moyo, na ini hutumiwa kama dirisha la kuchungulia. Mpimaji hutafuta mfuko wa nyongo. Pilorasi hukaa jirani yake, upande wa katikati ya mwili, mbele ya figo ya kulia. Njia iliyo salama zaidi ni kuanza na tumbo lenyewe na kulifuata kuelekea kulia mpaka linapokwisha. Anayeurukia uvimbe moja kwa moja hupotea.

Msuli huonekana mweusi, utando wa ndani mweupe. Ukikatwa kwa mviringo, pilorasi iliyonenepa ni bangili nyeusi yenye kiini cheupe. Ukikatwa kwa urefu, ni mistari miwili minene myeusi inayobana njia nyembamba, na mara nyingine utando uliojikunja huchomoza kuelekea ndani ya tumbo kama chuchu. Hapo ndipo kipimo huchukuliwa: unene wa msuli wa upande mmoja, kuanzia ukingo wake wa nje hadi pale utando mweupe unapoanza, utando wenyewe usihesabiwe. Msuli wa kawaida hauzidi milimita mbili. Ukifika tatu au kuzidi, na njia ikawa na urefu wa milimita 15 au zaidi, jibu limepatikana. Hospitali hazikubaliani kwa milimita moja au mbili za urefu, lakini milimita tatu za unene zinakubalika kwa wengi. Wanafunzi hukumbuka vipimo hivi kwa namba ya pai ya hisabati, 3.1415: unene tatu, kipenyo cha nje 14, urefu 15.

Namba peke yake haitoshi. Kuliko milimita, mpimaji anapaswa kuutazama mlango ukifanya kazi. Mtoto hupewa maji ya glukosi kidogo, au hunyonya, na mpimaji hukaa dakika kumi bila kuondoa jicho. Mlango mzima hufunguka. Maji hupita yakimeta kama cheche na kuingia kwenye utumbo. Mlango uliougua haufunguki. Tumbo hujikunja kwa nguvu, mawimbi hufika ukingoni, kisha yaliyomo hurudi nyuma. Anayepiga picha mbili na kumwita mgonjwa mwingine huwa amepima unene tu, wala hajajua kama mlango unafunguka.

Subira hiyo ndiyo pia inayotenganisha ugonjwa na mkazo wa muda. Mlango uliokaza kwa dakika chache unaweza kuonekana mnene na mrefu, lakini umbo lake hubadilika mbele ya macho, na baada ya muda huachia. Pilorasi iliyonenepa kweli haibadiliki. Kati ya milimita mbili na tatu pana ukungu ambao hakuna mtaalamu anayeupenda. Mtoto wa hapo, hasa aliyezaliwa kabla ya siku zake au mwenye wiki mbili tu, huenda anauanza ugonjwa. Dawa yake ni kupimwa tena baada ya siku moja au mbili huku akipewa maji. Makosa mengine hutoka kwa mpimaji. Mkato wa mshazari huunenepesha msuli usiokuwa na kitu. Tumbo lililojaa kupita kiasi huusukuma mlango nyuma na kuuficha, na hapo hutolewa kidogo kwa mpira wa pua kabla ya kupima upya.

Na kuna watoto wanaotapika ambao pilorasi yao ni salama. Matapishi ya kijani yanamaanisha utumbo uliojisokota mpaka ithibitike vinginevyo, na huyo ndiye anayehitaji kisu ndani ya saa chache. Altrasaundi husaidia hapa pia: mishipa miwili mikubwa ya utumbo ikionekana imebadilishana nafasi, ule wa vena ukiwa kushoto mwa ateri badala ya kulia, au ikizungukana kama kamba iliyosokotwa, shaka hugeuka kuwa hofu ya kweli. Picha safi ya mishipa hiyo, hata hivyo, haimwondolei hatari mtoto anayetapika kijani. Homa ya uti wa mgongo, maambukizi ya mkojo na sumu ya bakteria katika damu hutapisha vilevile. Upo pia upungufu wa homoni za tezi zilizo juu ya figo, unaoanza wiki ya pili au ya tatu. Huko potasiamu hupanda wakati kwenye pilorasi hushuka, na kipimo cha damu hutatua ambacho picha haiwezi.

Hali ya pwani yenyewe inaongeza uzito wa yote haya. Visiwa vya Bajuni, kama Koyama, Chovai na Chula, vimejipanga sambamba na bara kutoka karibu na Kismayo hadi Ras Kamboni mpakani mwa Kenya, umbali unaozidi kilomita 100. Wakazi wake ni wavuvi na mabaharia wasemao Kitikuu. Baada ya dola ya Somalia kuanguka mwaka 1991 wengi walikimbilia Mombasa, na kambi ya Jomvu ilipofungwa mwaka 1997 baadhi walirudishwa kwao, kwenye visiwa vilivyokwisha kuporwa. Hakuna chumba cha upasuaji visiwani. Safari ni ya mashua au boti ya mashine, na msimu wa kusi bahari ya nje ya miamba haimngoji mtu. Njia za bara zimekuwa za hatari kwa miaka mingi. Kismayo kuna Hospitali Kuu, ambayo kwa miaka mingi imeungwa mkono na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Upasuaji wa watoto wa kiwango cha juu uko Mogadishu, kilomita 500 hivi kaskazini-mashariki, ambako hospitali kubwa ya mafunzo ya Kisomali na Kituruki ilifunguliwa mwaka 2015.

Kwa mama wa Chula, basi, swali halisi la altrasaundi si "mtoto ana ugonjwa gani?" bali "asafiri au asisafiri, na aende wapi?" Hospitali yenye wapasuaji wa watoto ghorofa ya juu inaweza kuvumilia jibu lililochelewa. Kisiwani, safari isiyo ya lazima hula nauli ya miezi na kumtoa mama katikati ya watoto wengine. Na safari iliyocheleweshwa hufikisha maiti. Kipimo chenye thamani ni kile kinachofanyika kabla ya ndege au mashua, kwenye kituo cha karibu kabisa kinachoweza kukifanya. Mashine ndogo za mkononi zinazounganishwa na simu zimelifanya jambo hili liwezekane, maana hazidai jengo wala umeme wa saa zote. Madaktari wa dharura na wapasuaji wasio wataalamu wa picha wamekwisha kuonyesha katika nchi kadhaa kwamba baada ya mafunzo mafupi wanaitambua pilorasi iliyonenepa kwa usahihi mkubwa, kwa sababu swali ni moja na kipimo ni kimoja.

Mpimaji wa pembezoni hahitaji kuwa peke yake. Mwaka 2011, huko Guri'el katikati ya Somalia, Madaktari Wasio na Mipaka waliwaunganisha matabibu wa hospitali ya wilaya na daktari bingwa wa watoto aliyekuwa Nairobi, wakazungumza juu ya wagonjwa kwa sauti na picha, na matibabu ya watoto wengi yakabadilishwa kutokana na mashauriano hayo. Altrasaundi ya pilorasi inafaa kwa mpango wa namna hiyo kuliko vipimo vingi. Video fupi ya mlango usiofunguka, pamoja na picha yenye kipimo, inapita kwenye simu ya kawaida, na mtaalamu aliye Mombasa au Mogadishu anaweza kuisoma kabla mtoto hajafutwa jeli.

Jibu likiwa ndiyo, kazi ya kwanza ni dripu. Mtoto aliyezimia kwa ukavu hupewa maji ya chumvi ya kawaida, mililita 20 kwa kila kilo. Kwa mtoto wa kilo tatu ni mililita 60. Baadaye hufuata glukosi yenye chumvi, na potasiamu huongezwa mkojo ukishaanza kutoka. Ringa lakteti, inayopatikana kwenye vituo vingi, haipendelewi hapa kwa sababu lakteti yake hugeuzwa mwilini kuwa alkali, kitu ambacho mtoto anacho tayari kupita kiasi. Mpira wa pua hubaki wazi ili tumbo lisijae. Palipo na maabara, upasuaji hungoja bikaboneti ishuke chini ya 30 na kloridi ipande kukaribia 100, kwa milimoli katika kila lita. Kusawazisha huku huchukua siku moja au mbili, pengine tatu. Kwa hiyo jibu la mapema humpa mtoto nafasi ya kungojea upepo au ndege akiwa kwenye dripu, akafika kwa mpasuaji akiwa tayari, wakati yule aliyesafirishwa mkavu hufika na kulazimika kuanza upya.

Chanzo cha kunenepa kwa msuli hakijafumbuliwa chote. Urithi una sehemu yake. Watoto wanaolishwa kwa chupa hupatwa zaidi ya wanaonyonya, sababu nyingine ya kuyatetea maziwa ya mama. Dawa ya erithromaisini inahusika waziwazi: mwaka 1999 huko Knoxville, Marekani, watoto wachanga wapatao 200 waliandikiwa dawa hiyo baada ya kuhofiwa kuambukizwa kifaduro, na saba kati yao wakapata ugonjwa huu. Azithromaisini, ndugu yake, nayo imehusishwa na hatari hiyo mtoto akipewa katika wiki mbili za kwanza. Hizi si dawa za kuuziwa dirishani kwa ajili ya kikohozi cha mtoto asiyetimiza mwezi, na mpimaji anapouliza historia asisahau kuuliza mtoto alinyweshwa nini.

Pasipo mpasuaji kabisa, dawa ya atropini, inayolegeza msuli, imetumika kwa miaka mingi, hasa Japani. Huchukua wiki kadhaa, hutaka uangalizi wa karibu wa mapigo ya moyo, na haifaulu kwa kila mtoto. Ni njia ya pili. Upasuaji wa Ramstedt huchukua chini ya saa moja, na mtoto aliyetayarishwa vizuri huanza kunyonya ndani ya saa chache. Akiendelea kutapika kidogo siku mbili tatu, si ajabu, wala asirudishwe haraka kwenye altrasaundi: msuli uliopasuliwa hubaki mnene kwenye picha kwa wiki nyingi wakati njia imekwisha kufunguka.

Wakunga na wauguzi wa Kismayo na visiwani tayari wana masikio ya kumsikiliza mama anaposimulia. Wanaombwa waongeze maswali mawili kwa kila mtoto anayetapika kabla ya wiki ya kumi na mbili: matapishi yana rangi gani, na baada ya kutapika mtoto anataka ziwa au amelikataa? Asiye na kijani na mwenye njaa apimwe mlango wa tumbo siku hiyo hiyo, kwa kichwa bapa, kwa dakika kumi, dripu ya chumvi ikiwa imekwisha kuning'inizwa.